Utabaki Mkahawa Mmoja

Jumamosi, 6 Machi 2004
Mzee Amur, mwenye jengo, kaja asubuhi. Ati hapa Khuwair, Maskati, anataka mkahawa mmoja tu, nafasi ya pili ataifanya duka la dawa. Mwenye watu wengi mpaka Ijumaa ndiye atakayebaki. Sisi au Lupe! Lupe wa Meksiko, mke wa Sleyum, kafungua juzijuzi tu. Mwanangu Murshid kapika hapa miaka na miaka. Biriani, urojo, samaki wa kupaka. Na yule? Maharage na mikate ya mahindi! Kwetu Unguja maharage tukila siku ya kukosa samaki. Lakini kwake wamejaa. Wahindi, Wafilipino, Wamisri. Hata Wabulushi wa mtaa wa nyuma, tuliowapikia arusi zao zote. Hawana haya.

Jumatatu, 8 Machi
Nimepata dawa yake. Nimemwambia jirani Wadha, kwa siri, kwamba nyama anayotia Lupe kwenye mikate yake sijui kaichinja nani. Sikusema haramu. Nimesema sijui. Kufika alasiri mtaa mzima unajua. Kwa Lupe viti vitupu! Nimekunywa chai kwa raha zangu.

Jumatano, 10 Machi
Balaa! Sleyum kasimama mlangoni kwake, kawatangazia watu kuwa nyama wanachukua kwa Mahfoudh, bucha la kona. Na sisi twachukua kwa Mahfoudh! Nikidhani watu watatulia. Wapi! Sasa wanamshuku Mahfoudh. Kwetu hajaingia hata paka. Biriani sufuria zima limedoda. Mahfoudh kaja mwenyewe, kaapa atamjua aliyeanza maneno. Murshid akaniuliza, mama, si wewe? Nikamwambia anikome, mimi ndiye nliyemzaa.

Alhamisi, 11 Machi
Hakuna njia ila nionekane nakula ile nyama. Kwetu haitoshi, watasema nala changu. Nkavaa buibui jipya, nkaingia kwa Lupe, nkakaa dirishani. Lupe akaniita mama, akanibusu mkono. Mjanja! Mkate wa kwanza nimeula kwa ajili ya Murshid. Wa pili kwa ajili ya Mahfoudh. Wa tatu sijui. Watu wakaanza kusema, ikiwa Bi Khole anakula, basi halali. Wakaingia. Kwa Lupe! Murshid kasimama kule mlangoni kwetu na mwiko mkononi, hana wa kumpakulia. Mzee Amur akapita, akatazama huku, akatazama kule.

Ijumaa, 12 Machi
Kachagua Lupe. Ati ikiwa bi mkubwa mwenyewe kamkimbia mwanawe kwenda kula pale, yeye afanyeje? Murshid kavua aproni, kaikunja vizuri. Ningependa anitukane.
Kisha Lupe na mumewe wakaja kumtaka wapike jiko moja, vyake na vyetu. Kakubali! Bila ya kuniuliza! Anaanza kesho.
Lakini Lupe asidhani kashinda. Nimeshamwambia Wadha, kwa siri, kwamba zile ndimu wanazokamulia kila kitu mle ndani zinakata nguvu za kiume.