Holi Iitwe Kwa Kalekye

Jumatatu, tarehe tatu Februari

Mumbua, msichana wangu wa Athi River, amesema nisimpigie tena akiwa kazini. Nibonyeze hiki kitu chekundu kwa simu, niongee mpaka nichoke, yeye atasikiza Jumapili. Hajui mimi huwa sichoki. Haya.

Leo nimefukuzwa. Mimi! Kwa veranda ya holi!

Holi ya kansol, ule ukumbi mkubwa wa mawe wa baraza la zamani hapa Kyumbuni. Nimeuza chai na muthokoi wa mahindi hapo mbele tangu Mumbua akiwa mgongoni, na leo Mumbua ako na magoti mabaya kunishinda. Baba yake, Nzau wangu, Mungu amlaze, ndiye alikuwa askari wa hiyo holi. Alifagia hiyo veranda kila asubuhi. Popo za darini alizijua moja moja, kuna moja aliita Chifu. Halafu lami mpya ikapita huko juu kwa kituo cha petroli, watu wakaifuata kama mbuzi zikiona chumvi. Huku chini tukabaki mimi na popo.

Sasa kaunti imesema itatengeneza holi ndio mji urudi chini. Mabati mapya, rangi, vigae, vyoo vya maji huko nyuma. Siku nilisikia niliimba. Sikujua vigae ni mimi Kalekye nitoke.

Fundi mkubwa anaitwa Munyao, mtu wa Kilungu, kichwa kigumu kama mawe ya kwao. Ameniita Susu, kama nyanya yake, akasema toa sufuria, tunaweka vigae. Nikamwambia aweke kando yangu. Akauliza kando yangu ni wapi na mimi nimejaa veranda yote. Matusi! Lakini alivua kofia kwanza.

Hiyo si mbaya. Mbaya ni Mulwa, chairman wa komiti ya soko. Ati holi ikifunguliwa, veranda itakuwa na nafasi moja tu ya kuuza chakula. Moja! Komiti itachagua ni nani. Na Mama Gachanja alikuwa hapo anatabasamu.

Mama Gachanja ni Wamaitha wa chapati. Alikuja kutoka Murang'a na bwana yake wa hardware, watoto wake wote wamezaliwa hapa, na mpaka leo tunamwita mgeni. Chapati zake ni nzuri. Nimesema mara moja, sirudii.

Hiyo nafasi ni yangu. Nikitoka hapo niende wapi? Nikae nyumbani nitazame kuku?

Jumanne, tarehe nne

Wameniweka nyuma ya holi, kando ya vyoo vipya. Hivyo vyoo vimeisha kabla ya holi yenyewe, maji inatoka, mlango inafunga, kila kitu. Mama Gachanja naye ameweka mwavuli mbele, karibu na geti. Mbele! Ati alifika kwanza. Aliamka saa ngapi huyo mama?

Nilikuwa nachambua ndengu, nimenuna, nikapata akili. Akili yangu hukuja nikichambua ndengu. Kwa maharagwe haiji.

Fikiria ule mji wa Kwa Vonza. Huyo Vonza alikuwa nani? Mimi sijui. Alikuwa mzuri, alikuwa mbaya, sijui. Lakini nani leo anaweza kumtoa Vonza Kwa Vonza? Huku Ukambani mahali pakishapewa jina la mtu, amekaa. Hata akifa, amekaa. Chairman anaenda, kaunti inabadilika, jina liko tu.

Sasa holi iitwe Kwa Kalekye. Komiti itapeana aje nafasi ya Kwa Kalekye kwa mtu hata si Kalekye? Watacheka wenyewe.

Nimefurahi mpaka nimemeza ndengu na jiwe.

Jumatano, tarehe tano

Nimeita mabodaboda. Mkubwa wao ni Kilonzo, kijana wa Mbithe, yule aliugua surua mpaka mama yake akaahidi Mungu mbuzi, na mbuzi bado Mungu anangoja. Nimewaambia kila mtu akileta abiria huku chini aseme anampeleka Kwa Kalekye. Chai bure.

Kilonzo ameuliza kama chai iko na maziwa. Nimesema iko. Akauliza kama iko na andazi. Nimemuuliza kama anataka pia nimuolee bibi. Akasema, Susu, kama iko.

Ijumaa, tarehe saba

Inafanya kazi! Mwaitu, mama yangu, inafanya kazi!

Tangu asubuhi pikipiki zinalia. Mama mmoja wa Kabati ameshuka mbio, hata kofia ya boda hajatoa, akaniuliza kama Kwa Kalekye ni hapa. Nikainuka, nikapanguza mkono, nikamwambia ndiyo, na Kalekye ni mimi mwenyewe. Hakunisalimia. Akanipita. Nikasikia mlango puu!

Nikasema labda ni aibu. Wa pili akaja, mzee mzima na fimbo. Kwa Kalekye ni hapa? Ni hapa, baba. Akanipita. Puu!

Wa sita ndio nilielewa.

Hivyo vyoo ndio pekee visafi toka hapa mpaka kwa petroli. Watu wamesikia. Nikamfuata Kilonzo na mwiko. Nikamwambia, mimi nilisema holi! Akasema, pole Susu, sisi tunasema tu Kwa Kalekye, mtu akiuliza ni wapi tunamwonyesha mahali Kalekye ako. Si uko chooni?

Na chai alikuwa ameshika. Yangu.

Jumapili, tarehe tisa

Kanisani. Afadhali ningekuwa mgonjwa.

Tulikuwa na wageni, kwaya ya kutoka Kwa Vonza, wamevaa bluu, wamekaa kama mayai kwa trei. Pasta akawakaribisha. Akasoma neno. Halafu, mtu wa Mungu, na sauti ile ile ya neno, akasema wageni wetu wapendwa, mtu akitaka kujisaidia asione haya, Kwa Kalekye ni hapo tu mbele.

Kanisa lote likageuka kunitazama. Mimi nikatazama Biblia. Siwezi kuisoma lakini nilitazama sana.

Halafu nikasikia kitu kama kuku ananyongwa. Ni Mama Gachanja. Amejiinamia kwa benchi, leso mdomoni, mabega yanaruka. Alicheka mpaka akashindwa, akasimama, akatoka nje mbio. Najua alienda wapi. Kila mtu alijua alienda wapi!

Kwa mlango akaniambia pole, Mama Mumbua, lakini kweli ni pasafi.

Nitamwonyesha.

Jumatatu, tarehe kumi

Akili imekuja, na ndengu hata sikuwa nazo. Hii ni hasira.

Jina likishaingia kwa mdomo wa watu huwezi kulitoa. Lakini unaweza kuweka lingine juu yake, kama rangi. Nimeita mabodaboda tena. Nimewaambia Kwa Kalekye imeisha. Kuanzia leo ni Kwa Wamaitha. Kwa chai nimeongeza sahani ya muthokoi, mahindi yangu mwenyewe niliyokoboa na mikono hii, na maharagwe, na kitunguu juu.

Kilonzo ameshangaa. Ati Susu, mnapendana hivyo? Nikasema sana.

Sasa achekwe yeye. Wasimame kanisani waseme anayebanwa aende Kwa Wamaitha. Mimi nitacheka polepole, na heshima. Sitatoka nje.

Jumatano, tarehe kumi na mbili

Mwiai wakwa! Bwana Mungu wangu!

Nilisahau mwavuli. Mabodaboda wanasema Kwa Wamaitha, mtu akiuliza ni wapi wanamwonyesha mahali Wamaitha ako. Na Wamaitha ako mbele! Kwa geti! Abiria anashuka, anaona holi imepakwa rangi kama bibi harusi, anaona chapati, anakaa chini. Leo watu walipanga laini. Laini, Kyumbuni, huku chini! Sijaona laini hapa tangu siku za mahindi ya msaada.

Hata Munyao nimemsikia na simu akiitisha simiti. Leteni Kwa Wamaitha, kwa holi.

Nimempa holi yote. Na chai yangu! Na muthokoi!

Nimekimbilia Kilonzo nikamwambia arudishe ile ya kwanza. Akasema Susu, jina si sufuria useme nirudishie. Huyo kijana ni mjinga lakini hapo alisema ukweli.

Nyuma huku hakuna mtu. Hata wale wa choo sasa wananunua kwake wakitoka.

Ijumaa, tarehe kumi na nne

Leo holi imefunguliwa. Nilivaa ile leso Mumbua aliniletea, nikaenda, sitaki mtu aseme Kalekye amejificha.

Ni nzuri. Lazima niseme. Madirisha yana vioo, sakafu unaona meno yako. Veranda ina vigae vyekundu. Popo zimeenda sijui wapi. Nilisimama mahali Nzau alikuwa anaegesha ufagio, nikaona ukuta bado uko na ile alama ya mpini, hata rangi haikuifunika. Nikashika pale. Basi.

Mkubwa wa kaunti akakata utepe, akaongea mpaka watoto wakalala. Halafu Mulwa akasimama. Akasema komiti haikusumbuka. Wananchi wenyewe wameshachagua na midomo yao, holi inaitwa Kwa Wamaitha, basi nafasi ya veranda ni ya Wamaitha. Watu wakapiga makofi. Mimi nikapiga pia, mikono ilijipiga yenyewe. Nikageuka nikachukue sufuria yangu niende kwa kuku.

Mama Gachanja akaenda mbele akanyang'anya Mulwa maikrofoni. Nikajua sasa ananimaliza. Lakini alikuwa analia. Uso wote maji.

Akasema ameishi hapa mpaka amezaa hapa na amezika bwana hapa, na kila siku ni mgeni, mgeni, mama wa Murang'a. Hata kwa mazishi ya bwana yake mtu alimuuliza atarudi kwao lini. Halafu juzi amesikia watu wakisema Kwa Wamaitha. Akafikiri ni mzaha. Akamuuliza Kilonzo ni nani ameanza. Na Kilonzo akamwambia ni Susu Kalekye. Tena na chakula chake!

Akaninyooshea mkono. Akasema watu wengine humpa mgeni kiti. Huyu amenipa mahali. Mimi sikai kwa hiyo veranda kama Mama Mumbua hako, komiti ikikataa waipatie mbuzi.

Watu wakashangilia! Pasta akasema amina. Munyao mwenyewe akabeba jiko langu kutoka nyuma, likiwa na moto.

Nilitaka kusema ukweli. Mumbua, kama unasikiza, nilitaka. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini walikuwa wameniwekea ile maikrofoni hapo kwa meno, na hiyo kitu hukuza maneno. Nikasema tu asante, mimi nimezoea kusaidia.

Wamaitha amenikumbatia. Ananuka unga na mafuta, harufu nzuri. Nililia kidogo. Ni moshi.

Jumatatu, tarehe kumi na saba

Tunakaa wawili, mimi na Wamaitha. Chapati huku, chai na muthokoi huku. Mtu akinunua kwake anamtuma kwangu ashushie. Wale wa petroli wameanza kuteremka, hata fundi wa viatu amerudi. Asubuhi Wamaitha ameniletea chapati ya kwanza kutoka kwa moto, sijaomba. Nimemwambia imeungua kidogo. Haijaungua.

Lakini kila siku Kwa Wamaitha, Kwa Wamaitha. Masikio yangu yamechoka. Mimi je?

Mulwa amekunywa chai hapa leo. Amesema kaunti sasa inamalizia ile nyumba ndogo nyuma ya zahanati. Nilienda kuichungulia. Safi! Vigae mpaka ukutani, makabati marefu ya baridi kama ya nyama, na jenereta yake yenyewe. Mulwa alitaka kunieleza ni ya kazi gani, lakini huyo mtu akianza haachi, nikamwambia nieleze tu kama watu watakuja. Akasema hapo kila mtu wa Kyumbuni atapita siku yake, tajiri na maskini, na jamaa zake wote nyuma yake, wamesimama nje tangu asubuhi, hawajakula.

Hawajakula! Na bado haina jina!

Nimeita mabodaboda. Nimewaambia jina la hiyo nyumba, wakaangaliana. Kilonzo ameniangalia sana, akaweka kikombe chini, akaniuliza, Susu, una hakika unataka watu wapelekwe Kwa Kalekye?

Nimemwambia kunywa chai.