Mimi, Mwanyumba na Setilaiti

Jumatatu, 4 Machi
Baba mkwe ametangaza mezani kwamba magoti yamechoka. Anaacha uenyekiti wa chama cha wawindaji na wavuvi, na kiti atamwachia mkwe wake mmoja. Ama mimi, ama mwanyumba, yaani yule bwana aliyeoa dada wa mke wangu na ambaye hajaacha kujisifu tangu siku hiyo. Jumamosi tunakwenda wote ziwani. Mwenye samaki wa maana ndiye mwenyekiti. Mwanyumba akatabasamu, akaweka kando ya sahani yangu GPS yake mpya yenye simu ya upepo. Nyeusi. Antena nene. Watu wazima na akili zao wakaipokezana kama kichanga.

Jumanne, 5 Machi
Dukani. Muuzaji akauliza nawinda au navua. Vyote, nikasema. (Sijawahi kumpata hata kanga mmoja, lakini nia ninayo.) Akapanga vifaa kwenye kaunta. Hiki kinaelea kikianguka majini. Hiki kioo chake kinasomeka juani. Hiki kinatumia betri zinazouzwa kila mahali. Nikauliza kipi kina antena ndefu kuliko ya mwanyumba. Akasema antena si hoja. Si hoja! Huyu hajawahi kuwa na mwanyumba. Nimechukua aina ileile ya kwake ili ninase mazungumzo yake. Vinauzwa viwiliviwili, kwa hiyo cha pili nimempa mke wangu, naye akadhani ni zawadi. Muuzaji alitaka kunieleza kinachotokea mtu akibonyeza kitufe cha kuongea. Nikamwambia asijichoshe, mimi nimesoma.

Jumatano, 6 Machi
Ofisini, idara ya mita za maji. Kifaa hakioni setilaiti hata moja. Nikakipeleka dirishani. Wapi! Nikatoka nacho maegeshoni, mkono juu. Bosi akaniuliza kama naomba mvua. Nikamjibu kwamba napima eneo. Alifurahi sana, akanipa mtaa mzima nikaupime kwa miguu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemwambia mke wangu nina kazi za ziada, nikaenda ziwani. Nimepata! Kidimbwi nyuma ya matete, kambare wamejaa tele. Nimekitia alama kwenye ramani na kukiita Kaburi, asije mtu akakitamani. Kisha, kwa kuwa akili ni nywele na zangu bado zipo, nikamwita mwanyumba kwa simu ya upepo ili nimpoteze. Nikamwambia niko upande wa pili, kwenye mawe, samaki hakuna kabisa. Akanipa pole kwa sauti tamu. Nikamwita tena kusisitiza. Nyumbani mke wangu akauliza kazi ilikuwaje. Faili nyingi, nikasema. Akaniambia basi hayo matope ya faili nikayafute mwenyewe sebuleni.

Ijumaa, 8 Machi
Mwanyumba yuko kwenye kidimbwi changu! Kiti cha kukunja, chupa ya chai, mbwa pembeni. Eti bahati tu. Kikulacho ki nguoni mwako: kuna msaliti. Mke wangu? Hajui kitu. Basi ni yule mbwa, ana pua mbaya. Nimepata kidimbwi kingine ng'ambo ya mto, kizuri zaidi, nikamwita mwanyumba kumwambia nimekata tamaa na niko njiani kurudi nyumbani. Safari hii nimemweza.

Jumamosi, 9 Machi
Nimefika kidimbwi kipya, mwanyumba keshatupa ndoano. Nikahama. Nikamwita kumwambia niko gatini. Akaja nilipo. Nikahama tena, nikamdanganya tena, akaja tena! Hadi mchana yeye ana kambare mrefu kama mkono wangu. Mimi nina perege mmoja, naye alionekana mgonjwa.

Mbele ya chama kizima baba mkwe akamuuliza siri yake. Mwanyumba, bila haya, akasema nimemwelekeza mimi. Akageuza kioo chake. Kumbe kila nikibonyeza kuongea, kifaa changu kinatuma mahali nilipo kwenye ramani yake! Niliposema mawe, alama ilikuwa kwenye matete. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mke wangu akatoa cha kwake mkobani, akauliza idara ya mita za maji imehamia ziwani lini.

Baba mkwe peke yake hakucheka. Alisema porini mwenyekiti ni mtu ambaye akisema yuko mahali, wenzake wakienda watamkuta. Akamvisha mwanyumba filimbi ya chama. Niliumia. Nilikuwa nimeshajizoeza sauti ya mwenyekiti bafuni wiki nzima.

Jumapili, 10 Machi
Mke wangu haongei nami ila kwa simu ya upepo, kutoka jikoni. Nimetafakari kwa utulivu na nimeona kosa si langu. Kifaa kina kasoro moja kubwa: kinasema kweli. Nimekwenda dukani kuuliza kama ipo aina iliyostaarabika zaidi. Muuzaji alipoingia stoo kutafuta, nikaona nimwite mwanyumba, nimpongeze kiungwana, na nimwambie nimelala na homa, sitoki kitandani leo. Akanipa pole nyingi. Akaniomba, kwa kuwa bado niko hapo dukani, nimchukulie na ndoano.