Mama Mkwe Aja Kutembezwa Mji wa Kale

Jumanne, 4 Machi
Mama mkwe kapiga simu. Jumamosi anakuja na wenzake kumi na mmoja wa kikundi chao cha ushonaji. Anataka niwatembeze mji wa kale. Nilijipalia makaa mwenyewe: siku ya posa nilimwambia mimi ni mwongoza wageni. Si uongo mtupu. Nauza kofia za jua langoni mwa mji huo, na mgeni akiniuliza choo kiko wapi, namwongoza.
Mke wangu kanishauri nimwambie mama yake ukweli. Hajui mbinu, maskini.

Jumatano, 5 Machi
Mbinu imepatikana! Profesa (si profesa, ana miwani na kitambulisho cha uongozaji tu) hutembeza wageni kila asubuhi. Nimemfuata hatua kumi nyuma, nimejificha kwa gazeti, nanakili kiganjani. Mnara wa saa ulijengwa na gavana aliyechoshwa na mke mchelewaji. Mzinga wa ngomeni ulipigwa kila adhuhuri kuwaamsha makarani. Historia ni rahisi mno. Sijui watu huisomea nini.

Alhamisi, 6 Machi
Jasho limefuta nusu ya historia. Nimemfuata tena. Penye nyumba ya mlango wa bluu Profesa alilitazama gazeti langu, akapaza sauti: humo aliishi mwanamke aliyewaua waume wanne kwa sumu. Wageni wake wakacheka. Watu hawana huruma. Nimeandika.

Jumamosi, 8 Machi
Saa tatu. Kina mama kumi na wawili, miavuli kumi na miwili. Mnarani walifurahi. Kwenye mzinga mmoja akauliza hao makarani walilala wapi. Nikajibu: ndani ya mzinga, kwa zamu.
Kisha mlango wa bluu. Nikashusha sauti, nikawapa sumu na waume wote wanne. Mama mkwe akaukunja mwavuli wake taratibu.
“Mwanangu,” akasema, “hii ni nyumba ya bibi yangu. Mimi nimezaliwa chumba cha juu. Mume alikuwa naye mmoja, na alipokufa, bibi alimlilia mpaka naye akamfuata kaburini.”
Miaka mitatu sijamuuliza alizaliwa wapi. Muda wote nilikuwa nazungumza mimi.
Akabisha hodi. Akafungua binamu yake, hawajaonana tangu usichana. Wakakumbatiana, wakalia. Tukaingia sote. Mama mkwe akatuonyesha ukutani alama ya mafuriko ya utotoni mwake, na ngazi ya saba alipokaa siku mbili akiwa amempakata mdogo wake. Hata Profesa akaingiza wageni wake, akawa ananakili. Mimi nilishika mikoba. Yote kumi na miwili. Machozi yalinitoka. Vumbi.
Wakati wa kuagana mama mkwe akanivuta kando. Eti siku ya posa alijua fika nauza kofia. Aliwahi kujaribu moja pale langoni kwangu. Alinikubali kwa sababu nilimwambia kweli, kwamba haimpendezi.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari kwa kina. Kosa langu ni moja tu: nyumba zina wenyewe, na wenyewe wana kumbukumbu. Ndege hawana.
Leo kimefika chama cha watazama ndege. Nimewaambia nawajua ndege wote wa bonde la nje ya mji kwa sauti zao. Tunatoka kesho alfajiri.
Nitaanza na kunguru.