Mkakati wa Kumzuia Mpole Asihame

Jumatatu, 4 Machi
Mpole anahama! Mwenzangu wa chumba tangu mwaka wa kwanza, rafiki yangu pekee hapa chuoni, kaomba chumba kingine kuanzia Ijumaa. Kisa? Eti jana alienda kuoga, mimi nikafunga komeo kwa ndani, nikaweka muziki masikioni, nikamsahau. Korido nzima ilimwona na taulo. Tena namkatiza akiongea. Nikamkumbusha kwamba daktari alishasema nina ADHD, akili yangu haitulii. Akasema anajua, yeye ndiye aliyenipeleka. Sikati tamaa. Mimi ni mtu wa mikakati.

Jumanne, 5 Machi
Mkakati tayari! Simu itanikumbusha urafiki. Kila ikilia, namuuliza Mpole habari za mama yake, ambaye kalazwa, anasubiri upasuaji. Leo nimemuuliza asubuhi, mchana, na akiwa na mswaki mdomoni. Imemgusa sana. Hakuweza hata kujibu.

Jumatano, 6 Machi
Hitilafu ndogo. Mpole alikuwa ananieleza, kwa sauti ya chini, alivyo na hofu juu ya mama yake. Nasikiliza vizuri ajabu! Ghafla simu ikasoma kikumbusho kwa sauti, humo humo mfukoni: "Itikia kwa kichwa. Usimkatize." Akautazama mfuko wangu. Nikaitikia kwa kichwa hivyo hivyo.

Ijumaa, 8 Machi
Nilijitolea kumfungia mizigo, labda moyo utalainika. Nikaanza na nguo. Nikakuta redio yake mbovu, nikaifungua niitengeneze. Aliporudi kutoka darasani, vitu vyake vyote viko sakafuni, na redio si redio tena. Nikajua nimekwisha. Akakaa kitandani, akacheka mpaka machozi. Kumbe mama yake kampigia. Jana simu ilinikumbusha habari za mama, Mpole hayupo, basi nikampigia mama mwenyewe. Tulipiga soga mpaka chakula chake kikapoa. Nilishasahau! Mama kasema tangu alazwe hajacheka vile.

"Nabaki," Mpole akasema. "Ila hiyo simu izime. Wewe mwenyewe unatosha."

Nililia kidogo. Vumbi la redio.

Jumamosi, 9 Machi
Mkakati umefaulu kabisa! Mpole kabaki, kaenda zake kuoga. Nimeongeza vikumbusho, sasa ni vya korido nzima. Kipaji kama hiki si cha kumfaidisha mtu mmoja. Nimefunga komeo niandike kwa utulivu. Lakini kuna mtu anagonga mlango, anagonga, haachi. Watu wengine hawajui kabisa kuishi na wenzao.