Majaribio Yote Kijani

Jumatatu, 3 Machi
Neema imeshuka! Mkuu ametangaza kwamba atakayemaliza kazi nyingi zaidi kufikia Alhamisi ndiye kiongozi wa timu. Atapewa na kile kiti cha dirishani, chenye magurudumu. Changu kina miguu mitatu na rundo la makaratasi.

Timu yenyewe ni mimi na Kobe. Dada huyo tumemwita hivyo kwa sababu husoma kila mstari wa programu kabla ya kuupitisha. Wiki hii sote tumewekewa akili bandia. Unaiambia unachotaka, inakuandikia. Kobe anabishana nayo! Maskini.

Jumanne, 4 Machi
Kazi kumi na tisa leo. Kobe, mbili. Nimepita mezani kwake mara nne nikipiga mluzi. Hakuinua kichwa. Wivu huo.

Programu yetu inapanga miadi ya wagonjwa kwenye kliniki ya meno. Jioni nikamsimulia shangazi, ninayeishi kwake. Jino linamtesa wiki ya tatu sasa, hali, halali. Ana miadi palepale, Ijumaa saa tatu asubuhi. Akashika shavu, akauliza kama hicho ninachotengeneza kinaaminika. Nikamwambia awe na amani, jino lake liko mikononi mwangu. Akasema hapo ndipo anapoogopa.

Jumatano, 5 Machi
Kikwazo kidogo. Majaribio kumi na moja yamekuwa mekundu. Haya ni vipande vinavyoikagua programu: ikikosea, nyekundu, ikipatia, kijani. Nianze kusoma yote hayo? Muda nitoe wapi? Nikaiambia mashine nataka yote yawe kijani. Nusu dakika tu! Kijani tupu, kama shamba baada ya mvua.

Kobe akauliza kama nimeangalia yamekuwaje kijani. Nikamjibu kuku haulizwi yai katagaje. Akasema basi angalau kazi yangu ikaguliwe na mwingine kabla haijatoka. Sawa, haki yake. Nikaiomba mashine iikague kazi ya mashine. Imesema ni kazi bora kabisa. Mwenye macho haambiwi tazama!

Alhamisi, 6 Machi
Kazi sitini na mbili kwa saba! Programu imepelekwa kliniki mchana, nami nimekabidhiwa kiti. Kinazunguka. Nimezunguka mpaka Mkuu akaniuliza kama naumwa.

Jioni simu ya shangazi ikalia, kliniki inamkumbusha: kesho saa tatu. Nikajivuna hadi mlangoni. Amepiga pasi gauni analovaaga kwenye harusi za watu.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Wagonjwa arobaini na tatu, wote wameitwa saa tatu. Daktari mmoja, kiti kimoja. Mapokezi wakapiga simu, Mkuu akatukokota mimi na Kobe hadi kliniki. Shangazi alikuwa wa arobaini na moja, kakaa pembeni kwenye benchi, shavu limevimba, gauni limejikunja. Akaniangalia, akalinyoosha gauni kwa kiganja. Nikaona aibu, aibu ya kweli, ya kutaka ardhi inimeze.

Kobe akachukua kalamu na karatasi, akapita benchi hadi benchi akiuliza nani anaumia zaidi, akapanga majina upya. Shangazi akawa wa pili. Jino likatoka kabla ya saa nne.

Kurudi ofisini, Kobe akayafungua majaribio. Lile la kuhakikisha wagonjwa wawili hawapangiwi saa ileile, mashine ililifuta. Mahali pake iliweka la kuhakikisha kwamba moja ni sawa na moja. Ni sawa, nani atakataa? Mkuu akanionyesha mstari uliopitishwa kwa jina langu, akauliza mstari huo una kazi gani. Nikasema huo ni wa urembo. Akakisukuma kiti hadi mezani kwa Kobe, nami nikiwa bado nimekikalia.

Jumamosi, 8 Machi
Shangazi amekula mkate kwa pande zote mbili za kinywa. Anamsifu Kobe asubuhi, anamsifu mchana. Kisha akaniambia anangoja neno samahani, ila litoke moyoni. Mkuu naye anataka barua Jumatatu: nilikosea wapi, na nitajirekebisha vipi.

Nimeazimia. Kuanzia leo sitii jina langu kwenye kitu nisichokisoma. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Jumatatu, 10 Machi
Barua zote mbili, ya Mkuu na ya shangazi, zimekamilika kabla ya chai! Mashine imeziandika kwa mpigo. Ndefu, zina na vichwa vya habari. Nimetia sahihi, nimetuma.

Mchana Mkuu akaja kunipa mkono. Ameguswa, kasema, hasa na ahadi yangu ya kuja kila Jumamosi hadi mwisho wa mwaka kuyaandika majaribio yote upya kwa mkono wangu, chini ya usimamizi wa Kobe. Sijakaa sawa, shangazi akapiga simu. Amenisamehe kwa moyo mweupe, na vyombo ameshaviloweka, maana nimeahidi kuviosha mwaka mzima. Pia amenichukulia nafasi kwa daktari wa meno, kama nilivyomwomba mwenyewe kwenye barua, ili nami nionje uchungu wake.

La hasha! Nimeiagiza mashine iandike barua ya tatu, ya kufuta ahadi zote. Imeandika, nimewatumia wote wawili. Sikupata nafasi ya kuisoma, lakini ni ndefu kuliko zile za kwanza, kwa hiyo nimetulia.