Faili la Clive na Jogoo wa Donato

Juni ile ya 2021, kijiwe chetu cha chai hapa Bedford, Uingereza, kilichafuka asubuhi tu. Zbyszek Mpolandi, tunayemwita Wakili kwa kuwajazia fomu wageni wote wa mtaa, alisoma gazeti kwa sauti:

"Zimebaki siku tisa! Raia wa Ulaya asiyeomba kibali cha kubaki, kazi basi, nyumba basi!"

Tukamgeukia Donato Mwitaliano. Alikuwa anachovya mkate kwenye chai.

"Mnanitolea macho ya nini? Nipo hapa miaka thelathini na tatu."

"Umeomba?" Wakili akamuuliza.

"Niombe kubaki kwangu?"

"Lo! Mzee wangu, wanataka ushahidi wa miaka mitano. Bili za umeme?"

"Zote jina la marehemu mke wangu."

"Hati za mshahara?"

"Nafyeka bustani za watu, wananilipa mkononi."

"Daktari?"

"Siumwi."

"Basi serikalini wewe ni mzimu!"

Donato akaacha kutafuna. Nilimwonea huruma kwelikweli. Kaburi la mkewe liko hapahapa.

"Na zile barua za manispaa kuhusu jogoo wako?" nikamuuliza.

"Nawashia moto wa kuchomea pilipili hoho."

Macho yote yakahamia kwa Clive, jirani yake, tunayemwita Kanuni. Huyu kila mwaka humshtaki jogoo manispaa, na nakala anaweka.

"Msinitazame hivyo," akang'aka Clive.

"Si wewe uliyepiga kura Uingereza ijitoe Ulaya?" Wakili akamchokoza.

"Nilitaka waondoke wale wengine! Huyu akiondoka nitamlalamikia nani?"

Akatoka mbio, akarudi anahema na faili nene. Wakili akapekua, mbavu hana.

"2016, kelele. 2017, kelele na moshi. 2019, jogoo kaoa. 2020, kelele mara mbili. Huu ndio ushahidi wenyewe kwamba alikuwepo! Ila 2018 mbona patupu? Watasema alihama."

Clive akaiva uso mzima.

"Mwaka ule nilivunjika nyonga. Donato aliniletea supu kila siku. Ningemshtaki vipi, jamani?"

"Andika hivyohivyo, utie sahihi."

Kanuni akachomoa kalamu. Donato akamshika bega, machozi yanamlenga. Barua ilipokwisha, Wakili akatusomea:

"Nathibitisha kwamba mwaka 2018 Bwana Donato alifika mlangoni kwangu kila siku, saa sita kamili, na supu. Pamoja na hayo, nalalamika rasmi: vitunguu saumu vilizidi."