Kocha Mkuu Apita Katikati ya Bango la Dougie

(Uwanja wa klabu ya mpira ya Birradook, mji mdogo wa wakulima, Jumamosi, saa saba na dakika ishirini mchana. Mvua ya rasharasha. Watu wamo ndani ya magari yao, yaliyoegeshwa kuuzunguka uwanja mzima, pua zikitazama nyasi. Mechi na Dellmere itaanza saa nane. Kocha Mkuu mpya, Bwana Desmond Purchas, ameingia akikimbia peke yake, amelipasua katikati bango la karatasi lililoandikwa DOUGIE, MECHI YA 300, na sasa amesimama mbele ya kipaza sauti, kipande cha karatasi ya waridi kikining'inia begani.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Wilaya, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Mbunge, ambaye hakutuma hata huo. Mheshimiwa Rais wa Ligi, anayewakilishwa na mwamuzi. Mheshimiwa mwamuzi mwenyewe, uliyevaa kaptura katika baridi hii. Wageni wetu wa Dellmere, ambao naona mmekuja na basi zima. Mama zetu wa kantini na pai zenu za nyama. Wachezaji wetu wa Kasuku wa Birradook, popote pale mlipo. Mabibi na mabwana mliomo ndani ya magari, pamoja na mbwa wenu: itifaki imezingatiwa.

(Honi tatu.)

Asanteni. Asanteni sana.

("Des! Umepasua bango la Dougie!" Ni Shaz Pargeter, mke wa Dougie, ambaye amekesha siku nne akigundisha herufi hizo. "Lilikuwa lake yeye alipasue wa kwanza akiingia!")

Naam, Bi Shaz, nimeliona, nimelipitia, na ninatamka kwamba bango hilo limezinduliwa rasmi. Ndugu wananchi, mimi Desmond Arthur Purchas, Mkuu wa Idara ya Mipango mstaafu, nimekabidhiwa dhamana hii baada ya mchakato wa wazi na wa ushindani mkali ulioshirikisha mwombaji mmoja, ambaye alihojiwa kwa saa mbili na kamati ya watu watatu, mmoja wao akiwa yeye mwenyewe, na ambaye kamati ilimwona kuwa na uzoefu wa miaka thelathini na miwili katika kuongoza timu za aina mbalimbali.

(Honi nyingi. Gari moja linawasha na kuzima taa.)

Nimeambiwa na wenyeji wa mchezo huu kwamba hapa watu hupiga honi pale tu jambo jema linapotokea, yaani timu yao inapofunga goli, na mimi tangu niingie sijapumzishwa na honi. Ninazipokea kwa unyenyekevu.

("Ni saa, Des! Angalia saa!" Huyo ni Trev Hoskin, aliyechezea timu hii zamani, anayeongea kichwa kikiwa nje ya dirisha. "Bila wachezaji kumi na wanne kwenye orodha ya mwamuzi ikifika saa nane, hii ni mara ya tatu! Mara tatu tunafutwa kwenye ligi! Klabu inakufa, we bwana!")

Swali zuri sana hilo, nalo litachukuliwa mwishoni pamoja na mengine. Sasa niingie kwenye takwimu, kwa sababu mimi si mtu wa maneno. Msimu uliopita, chini ya mtangulizi wangu, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa amekaa pale kwenye basi la Dellmere, timu hii ilicheza mechi kumi na sita na ikafungwa mechi kumi na sita, kwa wastani wa tofauti ya pointi mia moja na ishirini na moja. Mimi nimekuwa kazini wiki mbili. Katika wiki hizo mbili, ndugu wananchi, katika mechi mbili za ugenini, Kasuku wa Birradook hawajafungwa goli hata moja. Hata moja! Pointi tulizofungwa uwanjani: sifuri.

("Kwa sababu hatukwenda!" anasema Trev. "Hakukuwa na mtu wa kwenda!")

Mbinu za kiufundi hatuzijadili hadharani, wageni wapo.

(Mlango wa chumba cha kubadilishia nguo unafunguka. Anatoka Dougie Pargeter, miaka arobaini na mmoja, jezi ya waridi na kijivu, goti la kushoto limefungwa bendeji. Yuko peke yake. "Des, mimi nimeshavaa. Wenzangu wako wapi?")

Wenzako, Dougie, wamo ndani ya Mpango. Na Mpango wenyewe ni huu hapa. (Ananyanyua jalada nene jekundu lililofungwa kwa utepe.) Huu, ndugu wananchi, ni Mpango Mkakati wa Miaka Mitano wa Kufufua, Kuhuisha na Kuendeleza Kasuku wa Birradook, wenye dira, dhima, malengo makuu tisa, malengo madogo arobaini na viambatisho, ambao umefanyiwa upembuzi yakinifu usiku na mchana na mimi mwenyewe, nikisaidiwa na mimi, na ambao utaifanya timu hii, ifikapo mwaka wa tano, kuwa timu.

(Honi ndefu. Bi Merle Tregenza, katibu wa klabu, ameshuka kwenye gari lake la kijani na ubao wa kuandikia kwapani. Anagonga dirisha la gari la mwoka mikate. "Col, una miaka mingapi?" "Hamsini na minne." "Magoti?" "Moja zima." "Linatosha. Jezi ziko kwenye sanduku. Kimbia.")

Naona Bi Merle anawahamasisha wananchi, na hilo linanileta kwenye mageuzi. Jambo la kwanza nililoligundua, nikiwa na futi kamba mkononi, ni matumizi mabaya ya milingoti. Kila upande wa uwanja huu una milingoti minne. Minne! Ile miwili ya katikati mpira ukipita unapata pointi sita, hilo nalielewa. Lakini ile ya pembeni ukipita unapata pointi moja tu, mlingoti ni uleule, rangi ni ileile, na mchezaji amechoka vilevile. Nimeagiza ile ya pembeni ing'olewe na ipelekwe kwenye uzio wa makaburi.

("Usiguse milingoti!" Sauti kutoka magari manne kwa pamoja.)

Jambo la pili, na hapa naomba utulivu, ni rasilimali watu. Nilipoingia ofisini nilikuta utaratibu wa kizamani kabisa, ambapo Bi Merle, kila Alhamisi jioni, kwa miaka thelathini na mmoja, alikuwa akimpigia simu mchezaji mmoja mmoja na kumuuliza kama mgongo umepona, na kama mama yake ametoka hospitali, na kama mvua imenyesha upande wao, halafu ndipo amuulize kama atakuja Jumamosi. Ndugu wananchi, nimetafuta katika miongozo yote. Mgongo haumo. Mama hayumo. Mvua haimo. Utaratibu huo niliufuta siku yangu ya kwanza, na mahali pake nikaweka Fomu Namba Saba, ambayo kila mchezaji anaijaza nakala tatu na kuileta kwa mkono wake mwenyewe siku ya Jumanne, kati ya saa nne na saa sita asubuhi.

("Jumanne asubuhi vijana wako kwenye matrekta, wanapanda ngano!" Sasa ni Bi Merle mwenyewe, hajasimama, anatembea. "Wanangoja simu yangu, Des. Waliponyamaziwa walidhani klabu imeshafungwa. Nimewapigia sasa hivi. Aliye karibu yuko mwendo wa saa nzima." Anagonga dirisha jingine. "Padri, toka." "Merle, mimi nina ibada ya jioni." "Jioni utakuwa umemaliza. Una mwendo bado?" "Wa kukimbia?" "Wa kusimama mbele ya mtu.")

Napenda kuwatangazia kwamba mfumo mpya umepata mafanikio makubwa kuliko ilivyotarajiwa. Fomu zote zilizorudi ofisini kwangu, narudia, zote, asilimia mia moja, zilijazwa bila kosa hata moja la tahajia.

("Zilirudi ngapi?" anauliza Trev, ambaye naye sasa anavua koti.)

Hilo ni la kitaalamu.

("Ngapi, Des?")

Tusiingie kwenye namba ndogondogo.

(Dougie anainua mkono, pale alipo. "Mimi nilipeleka. Jumanne. Niliacha trekta katikati ya shamba." Shaz na wanawake wawili wa kantini wamepiga magoti kwenye nyasi, wanaunga bango kwa gundi ya karatasi. "Mia mbili tisini na tisa," Shaz anasema bila kumtazama mtu. "Bado moja tu. Moja! Tumeitengenezea keki.")

Nami nampongeza ndugu Dougie Pargeter, mchezaji wa kuigwa, ambaye leo angetimiza, yaani atatimiza, yaani ipo katika mpango atimize mechi ya mia tatu. Nikiwa bado katika mafanikio, niseme pia kwamba nimeunda Kamati Ndogo ya Ushindi, ambayo itakutana mara tu itakapopata wajumbe, na Kamati Ndogo ya Mpira, ambayo nimeitaka ichunguze kwa nini mpira wetu una umbo la yai, kama ulitengenezwa hivyo au uliharibikia njiani.

(Honi kila upande. Mwamuzi anatembea kuelekea katikati, mkono mmoja umeshika mpira, mwingine unaonyesha saa. Ni saa nane kasoro dakika kumi. Kwenye mlango wa chumba cha nguo wamepanga mstari mwoka mikate, padri, Trev, daktari wa mifugo, dereva wa basi la shule na wengine, wakivuta jezi zisizowashuka matumboni. Bi Merle anahesabu kwa kalamu. "Kumi na moja. Kumi na wawili.")

Naona mwamuzi amefurahishwa. Mheshimiwa, orodha yako ya wachezaji ipo tayari. Imo humuhumu ndani ya Mpango Mkakati, ukurasa wa arobaini, kiambatisho cha pili. Tafadhali fungua mwenyewe.

(Mwamuzi anafungua utepe. Upepo unaingia kwenye jalada. Karatasi zinaruka juu, hamsini, mia, zinatawanyika uwanja mzima kama ndege waliokurupushwa. Moja inanasa kwenye kioo cha gari la Bi Merle. Nyeupe. Nyingine inaangukia miguuni mwa Dougie, naye anaigeuza. Nyeupe pande zote mbili. Mkononi mwa mwamuzi imebaki karatasi moja yenye maandishi: orodha ya wachezaji. Ina jina moja.

Hakuna honi.)

Ndugu wananchi.

(Hakuna honi.)

Mtaona kwamba Mpango upo katika hatua ya awali.

("Des," anasema Bi Merle. Amefika hadi kwenye kipaza sauti. Anahema. Haongei kwa hasira, na hilo ndilo linalomfanya kocha aache kutafuta karatasi nyingine mfukoni. "Ninao kumi na watatu. Nimepita kila gari. Waliobaki ni sisi wanawake, na watoto, na mzee Ferris mwenye oksijeni. Dakika sita.")

Kumi na watatu ni asilimia tisini na mbili nukta tisa.

("Kumi na watatu ni kufutwa, Des.")

(Kocha anatazama kiatu chake.)

Katika kuhitimisha, basi. Nilikuwa nimeandaa kaulimbiu. Nilikuwa niseme Kasuku, nanyi mjibu Juu. Kasuku! (Kimya.) Kasuku mbele! (Mbwa mmoja.) Naam. Basi nitoe shukrani. Naishukuru kamati iliyoniteua bila kuuliza zile timu nilizoziongoza miaka thelathini na miwili zilikuwa timu gani, kwa sababu zilikuwa timu za ukaguzi wa mifereji. Naushukuru Mpango Mkakati, ambao kama mlivyoona haukuwahi kuandikwa. Kila jioni niliketi niuandike, na kila jioni niliandika hotuba ya kuuzindua. Nawashukuru ninyi kwa honi, ambazo sasa naelewa zilikuwa zinaniambia nishuke. Na kwa mamlaka niliyokabidhiwa, naagiza Fomu Namba Saba ifutwe leo hii, na utaratibu wa simu za Alhamisi urejeshwe, pamoja na mgongo, mama na mvua.

Na nafasi ya kumi na nne, ambayo mpaka muda huu iko wazi, kufuatia mchakato wa ushindani wenye mwombaji mmoja...

("Umewahi kucheza, Des?")

Sijawahi kuushika mpira, Bi Merle. Nilidhani nisipousogelea hamtajua.

("Mguu wako saizi gani?")

Saizi kumi.

("Viatu ni vya tisa. Vaa.")

(Bi Merle anaandika jina, anamkabidhi mwamuzi ubao, kisha anakwenda zake kwenye gari la kijani. Saa nane kasoro dakika mbili. Wanawake wamelinyanyua bango. Lina mshono katikati, na herufi ya G imekaa upande. Watu kumi na wanne wamesimama nyuma yake. Wa mbele kabisa, kwa mazoea ya mchana huu, ni Kocha Mkuu, koti la suti juu ya kaptura. Anageuka, anawatazama wenzake, anarudi nyuma, nyuma kabisa, hadi mwisho wa mstari. Kipaza sauti bado kiko wazi na kinamsikia.)

Dougie, tangulia. Mimi nitapita pembeni.

(Honi moja, ndefu. Ni ya gari la kijani.)